Namba Isiyogawanyika

Ubao ulikuwa bado haujafutwa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Inspekta Nyamoita alilishukuru tangu alipoingia katika shule ile ya mseto nje kidogo ya soko la Kosele. Mengine yote yalikwisha kuvurugwa. Nyasi za chini ya mnara wa tangi la maji zilikuwa zimekanyagwa na shule nzima. Maiti ya Mwalimu Cephas ilikuwa mochari, Homa Bay. Faili nalo lilikwisha kuandikwa na askari waliotangulia, mistari michache ya kujiondolea kazi: marehemu, mwalimu wa hesabu, alipanda mnarani Jumamosi jioni akajirusha, sababu, kukata tamaa, ushahidi, ubaoni. Nyamoita alikuwa ametumwa kutia sahihi tu. Kuuliza maswali kulikuwa ukaidi wake mwenyewe, na wakubwa wake walikuwa wameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Maandishi ya chaki yalikuwa ya herufi kubwa, yamekaa katikati ya ubao wa Kidato cha Nne:

2147483647 = 45127 × 47573
IMEGAWANYIKA. MIAKA YOTE BURE.

"Ndio hiyo namba?" akauliza Koplo Matiko, Mkuria mrefu aliyekuwa dereva wake na mtu wa kubishana naye njiani. "Hii ndio imeua mtu?"

Nyamoita hakupata nafasi ya kujibu. Mlangoni palikuwa na mwanamke aliyevaa koti la mwanamume, mikono ya koti imempita vidole. Alikuwa Mellen, mjane wa Cephas. Mjane hatembei hovyo maiti ya mumewe ikiwa haijazikwa, na kuja kwake pale shuleni peke yake kwa miguu kulimwambia Nyamoita kwamba nyumbani mambo yameharibika.

"Madam, niwie radhi. Wewe ndio utaandika ile ya mwisho?"

"Ya mwisho ipi, mama?"

"Wazee wanangoja neno la polisi. Mkisema alijiua, wanamzika kesho nje ya ua, huko njia ya ng'ombe. Shimo wameshachimba. Nyumba yake wataibomoa. Na hakuna kulia." Akakunja mikono ya koti. "Mama yake wamemkataza asitoe sauti hata kidogo. Ati akimlia, huyo aliyekufa ataita wengine wa boma wamfuate. Ako hapo tu tangu Jumapili, anatuangalia."

Nyamoita alikuwa Mgusii wa Nyamira, hakuhitaji kufafanuliwa. Kwao pia aliyejitoa uhai huzikwa kama mtu aliyefukuzwa, na watoto wake hukua wakinyooshewa vidole hata pale wanapokwenda kuoa. Ilimuuma, akauficha uchungu wake ndani ya swali.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema asubuhi ya Jumamosi alinituma kwa fundi nikapunguziwe suruali yake kiuno. Mtu anapunguza suruali ya kufia?"

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

Mellen akatazama nje, huko kwenye vyumba vya walimu. "Kuna huyu kijana wa TP, wa chuo kikuu, amekuja kujifunza ualimu, Tony. Alimwambia mbele ya watoto kwamba hiyo namba ni kumaliza chaki ya serikali. Cephas alimshika mkono akamtoa nje. Walirushiana maneno huko mpaka kengele ikalia."

Habari za namba ile zilijulikana Kosele nzima, hata na watu wasiojua kugawanya mkate. Cephas alikuwa ameipata kwa kuchukua mbili thelathini na moja, akazizidisha zote pamoja, kisha akatoa moja. Akawaambia wanafunzi wake kwamba anaamini ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe, na kwamba wao ndio watakaohakikisha. Kila kipindi cha Ijumaa kila mwanafunzi alipewa kigawanyo chake, agawanye kwa mkono, atangaze baki kwa sauti. Kidato kikimaliza shule, kinachofuata kinapokea pale pale. Kazi ilikuwa na mwisho: ukivuka elfu arobaini na sita na kitu umefika, kwa sababu namba hiyo ikiwa na vigawanyo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya hapo. Walikuwa wamefika elfu arobaini na tano. Watoto waliokwisha kuoa na kuolewa walikuwa bado wanasimama sokoni kumuuliza Mwalimu, imegawanyika? Naye anajibu, bado inakataa.

Sasa ubao ulisema imekubali. Mtu aliyeijua habari hiyo angeweza kuamini kwamba Cephas alivunjika moyo. Askari waliotangulia waliamini, wakaenda kunywa chai.

* * *

Tony aliletwa akiwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Darasa lile lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu Jumapili, kwa hiyo yaliyoandikwa humo aliyasikia midomoni mwa watu tu. Nyamoita alimketisha kwenye dawati la mbele, mgongo wake ukielekea ubao.

"Uligombana na Mwalimu Cephas."

"Ndio, Madam."

"Ukamwambia kazi yake ni bure."

"Nilisema ni kumaliza chaki."

"Na ubaoni pameandikwa, miaka yote bure. Mmoja anasema, mwingine anaandika. Au ni mtu mmoja?"

Kijana akageuka ili aone anachoshtakiwa. Alitazama kidogo tu, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, halafu akaona aibu kwa sababu Mellen alikuwa bado mlangoni.

"Pole, mama. Lakini nani ameandika huu upuzi?"

"Wanasema ni yeye," Nyamoita akasema.

"Yeye? Madam, saba mara tatu ni ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Basi hii ya kwanza inamalizika na saba, hii ya pili inamalizika na tatu. Ukizidisha, jibu lazima limalizike na moja. Namba ya Mwalimu inamalizika na saba. Haiwezi kuwa. Hata mtoto wa darasa la tano anaona."

Akainuka bila kuombwa, akachukua chaki, akazidisha kwa safu pembeni mwa ubao, haraka, akibeba tarakimu kwa midomo. Chini akapiga mstari na kuandika 2146826771. Akairudia kuhakikisha.

"Imepungua zaidi ya laki sita. Sasa mtu amefanya hesabu hii karibu maisha yake yote ya kazi, aandike kitu kama hiki, kisha akajiue kwa sababu yake?"

"Labda alikuwa amechanganyikiwa," akasema Matiko.

"Hata angechanganyikiwa. Afande, hiyo namba ilithibitishwa kitambo, Ulaya, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ni tasa. Iko kwa vitabu vya chuo. Hakuna siku itagawanyika."

Mellen akashika mwimo wa mlango.

"Cephas hakujua?" Nyamoita akauliza polepole.

"Alijua kuliko mimi. Ndio sababu alinitoa nje. Nilitaka kuwaambia watoto jibu liko tayari, akaniziba mdomo. Huko nje akaniambia, 'Tony, vitabu vinasema haigawanyiki, lakini hakuna mtu wa Kosele amewahi kuona kwa macho yake kwamba haigawanyiki. Waache waone.' Nikamwahidi nitanyamaza." Akaweka chaki chini. "Na nilinyamaza, Madam. Hata Jumapili waliposema kimemuua kitu gani, nilidhani labda kuna kingine sikijui. Ningeingia humu ndani mapema, ningewaambia."

Nyamoita alimwamini. Mwongo hujitetea kwanza, na huyu alikuwa anamtetea marehemu. Lakini kumwondoa Tony hakukumleta mwingine. Aliyeandika alijua kazi imefikia wapi, ndiyo maana alichagua kigawanyo cha elfu arobaini na tano. Hakujua kwamba namba imethibitishwa zamani. Na jibu lake lilikuwa la uongo, ila uongo wenye sura. Mtu wa kubahatisha angekosea kwa mamilioni mengi.

"Kuna kitabu cha logi humu?"

Matiko alipekua madawati akamletea kimoja, kimechakaa, majedwali ya tarakimu nne ambayo kila mtu aliyepita sekondari anayajua. Nyamoita mwenyewe aliyatumia kwenye mtihani wake wa mwisho na alipata alama ya kutosha kuingia polisi. Alitafuta logi ya kigawanyo cha kwanza, akatafuta ya pili, akajumlisha, akageuza. Kidole chake kikasimama juu ya jibu. Mbili, nukta, moja, nne, saba. Akatazama mwanzo wa namba ya Cephas: mbili, moja, nne, saba.

"Kwa hivyo ni sawa?" Matiko akauliza.

"Kwa kitabu hiki ni sawa kabisa. Kitabu kinaona tarakimu nne, zilizobaki kinazifumbia macho. Aliyeandika alichukua namba ya Cephas, akatoa logi ya kigawanyo alichochagua, akapata cha pili. Jedwali likampa tarakimu nne, ya mwisho akatia mwenyewe." Akafunga kitabu. "Tony, Mwalimu Cephas alitumia logi kwa namba hii?"

"Kwa hii? Ungepigwa kofi. Alikuwa anasema namba tasa haijali umekaribia kiasi gani. Ama umefika, ama hujafika."

"Nani hapa shuleni anaridhika na tarakimu nne?"

Tony alijibu kabla hajafikiri, na alipokwisha kusema alionekana kutamani neno limrudie mdomoni. "Watu wa fizikia. Mwalimu Osoro huwaambia watoto tarakimu nne zinatosha kujenga daraja."

Mellen akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kosa dogo, "Osoro ni rafiki yake. Ndiye alisimamia harusi yetu."

* * *

Milka, mpishi wa shule, aliongea huku akichambua maharagwe, na hakuficha kitu kwa sababu hakujua kama kuna cha kuficha.

"Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Wageni wengi, maji ikaisha. Mtu wa maji ni Mwalimu Osoro, lakini yeye ni Msabato. Ijumaa jua likiwa bado, anapanda anafungua ya kutosha, Jumamosi hagusi kazi. Sasa jioni mfereji umekauka na watoto hawajala. Nikaenda kumwambia. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake na Mwalimu Cephas, wanakunywa uji."

"Ikawaje?"

"Nikarudi jikoni. Kidogo maji ikaja. Nikaweka sufuria kwa moto. Kidogo tena nikasikia kitu kimeanguka, nikadhani ni mtoto ameangusha ndoo."

"Maji yalikuja kwanza, halafu kishindo?"

"Maji kwanza."

"Uliwaambia askari?"

"Waliniuliza kama nilimwona akiruka. Nikasema sikumwona. Wakaenda zao."

Nyamoita alivua viatu, akakunja sketi yake, akapanda ngazi ya chuma ya mnara huku Matiko akiishika chini na kumwomba ashuke. Vipandio vyote vilikuwa na kutu ya kahawia. Karibu na juu kimoja hakikuwa na kutu. Kilikuwa kipande cha nondo mpya, na hakikuchomelewa. Kilifungwa kila upande kwa waya wa shaba, mizunguko mingi, imekazwa kwa koleo. Alikiegemea kwa kiganja kikacheza. Juu yake, koki ya tangi ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Katika maabara ya fizikia walikuta waya wa shaba wa aina ile ile umeviringishwa kwenye gurudumu la mbao, ncha yake imekatwa karibuni na bado inang'aa.

"Mtu anayetaka kufa hafungui maji ya kupikia githeri kwanza," alisema Matiko walipokuwa wakitoka. Hakuwa anabishana tena.

"Na kipandio kilichomwangusha kisingebaki kimefungwa. Aliyefunga waya huu alipanda baada ya Cephas kuanguka. Mwalimu Osoro yuko wapi?"

Yuko Migori, wakaambiwa. Aliondoka Jumapili kumuuguza kaka yake.

* * *

Kaka mtu hakuwa mgonjwa. Alikuwa na duka la mbao karibu na daraja la Migori, na alipowaona alipangusa mikono, akaonyesha nyuma ya duka bila kuuliza wanamtaka nani. Alikuwa mtu aliyeletewa mzigo na ambaye alikuwa anangoja wenye mzigo.

Osoro alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, hajanyoa, viatu vyake vimefungwa vizuri kabisa. Aliinuka kwa heshima.

"Karibuni. Ni habari za Cephas?"

"Ni hesabu tu, Mwalimu," Nyamoita akasema, akampa karatasi na kalamu. Alikuwa ameandika juu yake, 45127 mara 47573. "Nisaidie kuzidisha."

Alitazama karatasi. Uso wake haukubadilika, ila mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa koti, mahali ambapo mwalimu wa fizikia huweka kitabu chake cha majedwali, ukakipata, ukakitoa nusu. Kisha akauona mkono wake. Akaacha kitabu pale pale, nusu ndani, nusu nje.

"Cephas angetumia nini?" akauliza Nyamoita.

"Mkono."

"Angepata ngapi mwishoni?"

Midomo yake ikasogea. Saba mara tatu. Alikaa chini tena juu ya mbao, taratibu, na Matiko akasogea nyuma yake kwa desturi ya kazi, ingawa ilionekana wazi mtu huyu hana pa kukimbilia.

"Moja," akasema. "Inamalizika na moja. Mungu wangu, hata mwisho wake sikuangalia."

"Kipandio, Mwalimu. Tuanzie hapo."

"Kilikuwa kimelegea tangu muhula uliopita. Nilikuwa nimepanga kukichomelea. Mimi napanda kila wiki, nikifika pale ninakiruka, natia mguu cha juu yake." Alionyesha kwa mguu wake, akiuinua hewani kama anayepanda. "Nilikiruka mpaka nikasahau kwamba nakiruka. Yule mama wa jikoni alipokuja, nilimwambia Cephas, leo ni Sabato, nifanyeje? Akacheka. Akasema, 'Kaa na Mungu wako, wangu hana saa.' Akaweka kikombe chini akaenda. Sikumwambia. Haikunijia hata kichwani. Nilikuwa naangalia uji wangu."

"Na ulipomfikia?"

"Alikuwa ameshakwenda. Hakusema neno."

"Ungepiga kelele. Watu wangekuja. Ingekuwa ajali."

"Ingekuwa ajali ya nani?" Osoro akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye mtu wa maji. Mwalimu mkuu alinikumbusha kipandio mbele ya kikao cha walimu wote, nikasema nimeshakishughulikia. Nina watoto, Inspekta. Nikaona jela. Nikachukua nondo na waya nikapanda, na jua halijatua, Sabato haijaisha, nikafanya kazi ambayo nilimtuma mwenzangu ili nisiifanye. Kisha nikaingia darasani. Nilitaka waulize habari za namba, wasiulize habari za ngazi."

"Ulijua wangemfanya nini? Aliyejiua?"

Nje, msumeno wa kaka yake ulinyamaza. Osoro alijibu kwa Ekegusii, lugha ya wote wawili, kwa sauti ya chini kama anayejibu mama yake. Ndiyo. Alijua. Hata kwetu ni hivyo.

Nyamoita alikuwa amewahi kukamata wauaji waliokata watu kwa panga, na wakati mwingine aliwaonea huruma njiani. Huyu alimwonea huruma na wakati huo huo alimchukia, na hisia hizo mbili zilikaa ndani yake bila kusukumana. Alifungua faili juu ya goti.

"Andika mwenyewe," akasema. "Yote, na ngazi iwe mwanzo. Na uandike kwa Kiswahili, kuna wazee watakaosomewa."

Osoro alipomaliza kutia sahihi aliuliza swali moja tu. "Namba yake, waliobaki wataimalizia?"

"Ilikwisha kuthibitishwa zamani. Alijua."

Osoro akaitazama sahihi yake. Halafu akaanza kulia, kimya kimya, na Matiko akatazama pembeni mpaka alipokuwa tayari kusimama.

* * *

Boma la kina Cephas lilikuwa juu ya mteremko, nyumba yake ya mabati karibu na lango. Hapakuwa na turubai wala viti vya kukodi. Wanawake walikuwa wameketi ukutani mwa jiko, miguu imenyooshwa mbele, hakuna aliyesema kitu. Vijana wawili walikuwa wameshaezua mabati ya upande mmoja wa nyumba. Mellen alikuwa ameketi katikati ya wanawake, na pembeni yake kikongwe mdogo mwenye macho makavu, mikono juu ya mapaja. Huyo hakuhitaji kutambulishwa.

Jaduong' Nyandiga, mzee wa boma na baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa boma. Alimpokea Nyamoita akiwa amesimama, kwa sababu mgeni wa habari mbaya hakaribishwi kiti haraka.

"Umeleta neno, nyathina, mwanangu?"

"Nimeleta, Jaduong'." Akamsomea maandishi ya Osoro yote, pale uani, kwa sauti ya kufika kila pembe. Aliyasoma polepole, na palipokuwa na jina la Osoro aliona mabega ya Mellen yakishuka. Kijana mmoja juu ya nyumba aliacha kung'oa misumari.

Mzee aliegemea fimbo yake. "Mimi sijasoma," akasema. "Nielezee kwa kifupi. Yeye mwenyewe hakutaka?"

"Hakutaka. Alipanda kuwafungulia watoto maji. Aliyafungua, yakafika jikoni, akaanguka wakati wa kushuka."

"Na mambo ya ile namba?"

"Ni uongo wa mtu mwingine. Namba yake haikugawanyika, Jaduong'. Mpaka leo haijagawanyika."

"Utaandika hivyo?"

"Nimekwisha kuandika."

Mzee akainua fimbo yake kuelekea paa. "Rudisheni hayo mabati," akawaambia vijana. "Kisha chukueni majembe. Mbele ya nyumba yake, upande wa kulia. Lile shimo lingine tieni mgomba mlifukie, kaburi halifukiwi tupu." Kisha akavuka uwanja mwenyewe, akainama kwa taabu mbele ya kikongwe, akamwambia kwa Dholuo, taratibu, "Ywag nyathini." Mlilie mwanao.

Mama yake Cephas hakulia. Alimtazama shemeji yake, akamtazama Mellen, kisha akamtazama Nyamoita na faili lake, kwa zamu, kama mtu aliyekwisha kukatazwa mara nyingi na anayetaka kuhakikisha kwamba safari hii amesikia sawa. Mellen akaitikia kwa kichwa. Mdomo wa kikongwe ukafunguka, na kwa muda hapakutoka kitu. Halafu ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, isiyofika hata langoni. Akavuta pumzi akajaribu tena. Mara ya tatu alisimama, akaweka mikono kichwani, akaliita jina la mwanawe kwa sauti iliyowainua wanawake wote ukutani, wakalipokea, na boma lote likajaa kilio.

Matiko alimsogelea Nyamoita. Kulikuwa na mtuhumiwa kwenye Land Rover na safari ya kwenda Homa Bay. "Madam, twende?"

Mellen alikuwa amemsikia. Alikuwa analia naye, koti la mumewe limeloa kifuani, lakini aligeuka akawaambia kwa upole, kama mwenye nyumba anayewazuia wageni chakula kikiwa jikoni:

"Ngojeni kidogo. Ameanza sasa hivi."

Wakangoja.